Kuna Kitu Kimetokea

Safu hii imezoea kuchambua vitabu. Toleo hili nawaomba radhi. Kitabu nilichoahidi kukichambua sikukimaliza, na kilichonizuia ndicho nilichoamua kukichambua badala yake. Maandishi ninayowaletea hayana jalada wala jina la mtunzi, ila nadhani yamesomwa na watu wengi kuliko riwaya yoyote iliyopata kuandikwa kwa Kiswahili. Ni yale maneno yanayotokea kwenye kioo cha kompyuta pale unapoibadilishia mfumo wa uendeshaji, kutoka ule wa zamani kwenda mpya. Kazi ambayo mafundi wetu wa mtaani wanaiita kupiga windo.

Msicheke, jamani. Maneno yale kuna mtu ameyaandika. Aliajiriwa, akakaa mezani, akachagua aseme hivi asiseme vile, kisha akaenda zake kulala. Sisi tunaojifunza kuandika tunayasoma kila siku, mengine mara mia, na hatujawahi kujiuliza yana fani gani. Nina sababu ya kuamini kwamba yameshaanza kuingia kwenye kalamu zetu. Kwenye yangu yalikuwemo tangu zamani, nami sikujua mpaka yaliponikuta haya.

Kwa kifupi tu. Kompyuta yangu ya nyumbani ni ya mezani, ya mtumba, niliinunua kwa hela ya tuisheni. Chapa yake na mfumo wake sitavitaja, maana sina kesi na mtu. Kwa wiki tatu ilinikumbusha kwamba mfumo wake umepitwa na wakati. Jumamosi moja nikakubali. Ikasema nafasi haitoshi, nikafuta picha na nyimbo. Nikanunua bando kubwa. Saa nne usiku ilikuwa asilimia 64, nimekaa mbele yake nimeshika kikombe kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani, umeme ukakatika mtaa mzima. Uliporudi mashine iliwaka, ikasema inarudisha mfumo wa zamani, ikashindwa, ikajizima, ikawaka, ikasema yaleyale. Ilizunguka hivyo mpaka Jumapili adhuhuri. Fundi alipokuja akaitazama kidogo, akaniuliza taratibu, “Kaka, nakala unayo?” Flashi nilikuwa nayo, lakini nilimwazima binamu yangu aweke nyimbo za harusi. Basi akaifomati. Hadithi yangu ndefu ya konda wa daladala, sura kumi na moja, usiku wa miaka miwili, ikaenda na maji. Yakaenda pia mashairi ya wenzangu saba yaliyokuwa yanasubiri toleo hili. Watano wamenisamehe.

Nilibonyeza mwenyewe na nakala sikuweka mwenyewe, kwa hiyo msinisome kama mtu anayetafuta wa kumshitaki. Ila zile siku mbili mbele ya kioo zilinifanya nisome, maana kazi nyingine sikuwa nayo, na nilichokisoma kiliniudhi kama mhakiki kabla hakijaniudhi kama mwenye mali.

Kwa ajili ya uchambuzi nimechukua maandishi ya Windows 10, si kwa sababu ya kisa changu bali kwa sababu habari zake ziliandikwa sana na yeyote anaweza kuzikagua. Mfumo huo ulitolewa Julai 29, 2015, na kwa mwaka mzima wenye Windows 7 na 8.1 walikaribishwa kuuchukua bure. Ukaribisho wenyewe ulikuja kwa dirisha dogo lililofunguka kwenye kioo. Kwetu mgeni anapiga hodi mara tatu, asipoitikiwa anageuza. Dirisha hili lilipiga hodi siku hadi siku. Mwezi Februari 2016 kampuni ya Microsoft ikautoa mfumo huo kwenye orodha ya mabadiliko ya hiari ikauweka kwenye orodha ya yanayopendekezwa, maana yake kompyuta nyingi zikaanza kuupakua zenyewe. Mwezi Mei likaja kubwa zaidi. Ile alama ya msalaba iliyo pembeni juu ya dirisha, ambayo tangu Windows 95 ya Agosti 1995 kila mtu aliijua kuwa maana yake ni “sitaki, funga”, sasa aliyeibofya alihesabiwa kuwa hajakataa. Tarehe iliyokwisha pangwa ikabaki palepale, na ilipofika, mgeni akaingia.

Kwa mwanafunzi wa fasihi hili si dogo. Ni kubadilisha maana ya neno katikati ya mazungumzo bila kumwambia unayezungumza naye. Desemba 2016 mkuu wa masoko wa kampuni hiyo, Chris Capossela, alikiri hadharani kwamba hapo walivuka mpaka. Kabla ya hapo, huko California, mama mmoja mwenye ofisi ya wakala wa safari alikwisha kushinda madai ya dola 10,000 baada ya kueleza kwamba kompyuta yake ya kazi ilijaribu kujibadilisha bila yeye kuruhusu, ikachemsha. Kampuni ilikana kosa, ila rufaa iliiacha. Na huku barani kwetu, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kulitoka malalamiko mwaka huohuo 2016 kutoka mradi wa hifadhi wa Chinko: watu wako porini wanahangaika na majangili, intaneti yao ni ya setilaiti, ghali kupindukia, na kompyuta inapakua gigabaiti za mfumo ambao hakuna aliyeuomba. Mwenye bando la wiki anajua uchungu huo.

Sasa lugha yenyewe. Mambo yalipokwenda vizuri, kioo kilisema (natafsiri mwenyewe) “Tumeisasisha kompyuta yako.” Tazama kiambishi cha nafsi. Tu. Sisi, nafsi ya kwanza wingi, tumefanya kazi, tupongezeni. Kisha ikafuata sentensi ambayo mimi naiweka juu kabisa katika maandishi yote ya aina hii: “Mafaili yako yote yapo palepale ulipoyaacha.” Watu waliandika wakisema kwamba sentensi hii iliwatia hofu badala ya kuwatuliza. Si ajabu. Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mgeni akitoka chumbani kwako akakwambia, bila kuulizwa, kwamba pochi yako iko palepale ulipoiacha, we utakimbilia kuangalia nini? Ni sentensi safi sana ya kufungulia hadithi ya kutisha, na aliyeiandika alidhani anabembeleza.

Kompyuta ilipoanguka, hali ilikuwa nyingine. Kwenye Windows 8 ya mwaka 2012 kuliwekwa kiuso cha huzuni na maneno yanayosema kompyuta yako imekumbana na tatizo. Ile “tu” imekwenda wapi? Kwenye sentensi hiyo haipo. Sasa kompyuta ni yako, na ndiyo iliyotoka nyumbani ikaenda kukumbana na tatizo, kama mtoto mtukutu aliyekatazwa kucheza barabarani. Kwenye sifa tulikuwa wengi. Kwenye kosa umebaki wewe na mtoto wako.

Na iliposhindikana kabisa? Julai hiyo ya 2015 baadhi ya watu waliokuwa wanajaribu kuingiza Windows 10 walipata dirisha lenye kichwa cha habari kifupi, na chini yake, mahali pa maelezo, kichwa hichohicho kimerudiwa. Kwa Kiswahili ni hivi: “Kuna kitu kimetokea.” Na chini yake: “Kuna kitu kimetokea.” Halafu kitufe cha kufunga. Basi.

Nimekaa na sentensi hiyo muda mrefu. Shuleni tulifundishwa kwamba takriri hutilia mkazo. Hapa kinachotiliwa mkazo ni utupu. Mtendaji hayupo, mtendwa hayupo, mahali hapajulikani, na kitendo chenyewe ni kile kitendo cha chini kuliko vyote, kutokea, ambacho hata mvua hufanya zaidi ya hicho. Kuna washikaji wanaoiona ni kichekesho na walishaichapa kwenye fulana. Mimi naiona kuwa ndiyo sentensi ya kweli ya kampuni zote na ofisi zote, ila safari hii ilitoka bila nguo.

Nisionekane nina chuki na mtu mmoja. Macintosh ya kwanza ya mwaka 1984 ilikuwa inaonyesha picha ya bomu ikizidiwa, lakini sentensi yake ilianza kwa kuomba samahani, na samahani ina mwombaji. Jamaa wa Unix na Linux wana ujumbe wao unaosema kwamba kiini cha mfumo kimepatwa na hofu kuu. Angalau hapo kuna mhusika mwenye moyo. Kuna mwenzetu kikundini anayesema dawa ni kuhamia Ubuntu, mfumo ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, bure kweli, na jina lake ni neno la Kibantu lenye maana ya utu. Jina hilo silibishii. Lakini kwenye jamii hiyo ya Linux makosa mengi huandikwa kwa mistari mirefu ya lugha ya mafundi, ya kweli tupu, ambayo mwenye hadithi yake ya konda hawezi kuifanyia kitu.

Wala msiniambie achana nayo, kaa na mfumo wako wa zamani. Oktoba 14, 2025 msaada wa kawaida wa Windows 10 ulifikia mwisho, wenye kutaka muda wa ziada wakawekewa utaratibu wa hadi Oktoba 13, 2026. Windows 11, iliyotoka Oktoba 5, 2021, inadai kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel orodha yake rasmi, ukiacha chache, inaanzia kizazi cha nane, yaani zilizotoka mwaka 2017 na kuendelea. Mashine za mtumba zinazojaa madukani kwetu nyingi ni za kabla ya hapo. Zinawaka, zinaandika, zinacheza muziki, halafu programu ya ukaguzi inasema kompyuta hii kwa sasa haikidhi mahitaji. “Kwa sasa!” Kama vile kichipu kitaota mwakani. Hapo ndipo mwandishi wa madirisha anapokupa tumaini ambalo yeye mwenyewe anajua halipo, kwa maneno mawili tu, na huwezi kumshika uongo.

Mtauliza, na kwa Kiswahili je? Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo katika miaka hiyo ikatengeneza sura ya Kiswahili ya Windows XP. Wengi wetu hatukuwahi kuziona. Kompyuta inafika na Kiingereza chake, nasi tunakiacha humohumo kama vumbi la kontena. Lakini msamiati umebaki na ni mali. Mtu akipakua anafanya kama mama na sufuria ya wali, au kuli na gunia la mzigo, na kote huko kuna mkono. Kusakinisha kumetoka kwenye kusakini, kukaa mahali, ukoo mmoja na maskani, pale kijiweni tunapokaa. Kusasisha kumetoka kwenye sasa, kumfanya wa leo yule aliyekuwa wa jana, na neno hilo lina kidole, linakuonyesha kwamba ulikuwa umebaki nyuma. Kuboresha ndilo silipendi. Linatoa hukumu kabla kazi haijaanza.

Kwa hiyo maneno tunayo. Kinachonitia wasiwasi ni kitu kingine tulicho nacho, ambacho waandishi wa madirisha wangekililia wakikijua. Ile kauli ya kutendeka. Vunja, vunjika. Haribu, haribika. Shinda, shindikana. Kiingereza kilibidi kihangaike kutafuta sentensi isiyo na mtu, sisi tunatia silabi moja tu na mtu katoweka. “Imeshindikana.” Neno moja, na mkono haukuonekana. Nenda masijala ya ofisi yoyote utaambiwa faili lako halionekani. Halionekani! Kana kwamba tatizo ni la macho.

Na konda naye ni bingwa wa kauli hii. Jioni akiwa na hesabu pungufu hamwambii tajiri “nimekula”. Anasema, bosi, leo hesabu imepungua, abiria hawakupatikana, kioo kikavunjika Tandika. Kila kitu kimejifanya chenyewe. Nimemchunguza konda miaka miwili kwa ajili ya hadithi ile, na siku ile mbele ya mashine inayozunguka nilimtambua mara moja aliyekuwa anaongea nami. Alikuwa konda anayemweleza tajiri. Tofauti ni kwamba tajiri mwenyewe nilikuwa mimi, eti, na hesabu yangu ndiyo iliyopungua.

Sasa niliyoyaahidi. Sura tatu za mwanzo zilipona. Miezi mingi kabla, nilizichapa kwenye karatasi nikampa dada mmoja wa kikundi chetu, mwalimu wa sekondari, azipitie. Akazirudisha nyekundu. Nilikasirika nikazitupa chini ya kabati, na nilipozifuata safari hii mende walikuwa wameshaanza sura ya pili. Ndizo ninazonakili sasa, neno kwa neno, na wino wake siwezi kuukwepa. Pembeni ameandika neno moja mara ishirini na sita, nimehesabu. “Nani?”

Nilikuwa nimeandika, “Kioo cha gari kilivunjika na hesabu ikapungua.” Yeye: Nani kavunja? Nani kapunguza? Nilikuwa nimeandika, “Maneno yakatoka, urafiki ukafa.” Yeye: Nani? Kwenye ukurasa wa kumi na tisa msichana “akajikuta ameachwa”, na hapo dada yetu kapiga mstari mara mbili mpaka karatasi ikatoboka.

Nilipokwenda kumpa habari nilimwambia, dada, mambo yameharibika, hadithi imepotea. Akaniangalia tu. Nikajirekebisha mwenyewe: nimeipoteza.

Tulibishana lakini, na kwenye hili sikubali kushindwa. Yeye anataka kauli hiyo ifyekwe yote. Mimi nasema hapana. Konda akisema kwa kinywa chake kwamba hesabu imepungua, sentensi hiyo iachwe, maana ndiyo uongo wake na msomaji anafaidi kumwona anavyouficha mkono nyuma. Msimulizi akisema ndipo tatizo, kwani hapo msimulizi ameshirikiana na konda kumwibia msomaji. Katika zile ishirini na sita nimehesabu tano zilizo za konda. Ishirini na moja zilikuwa zangu. Nilikuwa sijui kwamba namficha, nilidhani naandika kwa adabu, kwa utulivu, kama watu wakubwa wanavyoandika.

Nimesoma kwa jicho hilohilo hadithi nne zilizoletwa kwa karatasi kwa ajili ya toleo hili. Katika moja nyumba inaungua na hatuambiwi kiberiti ni cha nani, wala kama palikuwa na kiberiti. Katika nyingine kijana “anafukuzwa kazi” kwa kurasa sita pasipo mtu hata mmoja kufungua mdomo kumfukuza. Ya tatu ni nzuri, itatoka, ila mtunzi wake atapokea barua yangu kuhusu ukurasa wa mwisho, ambapo mambo “yanabadilika”. Ya nne ndiyo pekee ambayo bibi anainua kinu kwa mikono yake akakirusha kisimani. Niliisoma mara mbili. Baada ya wiki ya madirisha, kile kinu kilinipa raha ambayo siwezi kuieleza vizuri.

Kompyuta inafanya kazi sasa. Fundi kaipiga windo, iko nyepesi, inanisalimia kila asubuhi kwa jina nililojiandikisha. Sura ya nne mpaka ya kumi na moja naziandika upya kwa daftari, kisha ndiyo naingiza, na kila Ijumaa naweka nakala kwenye flashi mbili, binamu hapati hata moja. Sura ya tano imerudi karibu yote, nadhani ni bora kuliko ile. Ya sita imegoma.

Ya nne najua ilikuwepo kwenye karatasi. Niliichapa peke yake nikaisoma kikaoni, ile jioni ya mvua tulipohamia barazani, na mtu akaiomba akaisome kwake. Sikumbuki ni nani. Kama ni wewe unayesoma hapa, niletee. Hata kama uliifungia maandazi niletee hivyohivyo, nitaisoma na mafuta yake.